Bwana Kamba Akalia Kigoda cha Marehemu

Alikaa.

Nalisema hilo mapema kwa sababu wiki nzima mmenisumbua. Msomaji mmoja wa Kabambare alinisimamisha sokoni, samaki mkononi, akitaka kujua kama yule Mbelgiji alifika chini au alishikwa njiani. Hakushikwa. Tulimwacha Bwana Goffinet amekunja magoti katika duka la vitu vya kale la Bulaimu, pale Kasongo, mwaka wa hamsini na tatu, makalio yake yakiwa shibiri moja juu ya kigoda cha marehemu Heri. Shibiri hiyo imekwisha. Alikaa kwa uzito wake wote, akatikisa kiuno kushoto na kulia, akatangaza kwamba hiki ndicho kigoda cha kweli.

Na mlangoni alikuwa amesimama Safi, mjane wa Heri.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nitaeleza kidogo, kisha tuendelee.

Goffinet alikuwa bwana wa pamba. Watu walimwita Bwana Kamba kwa sababu ya kamba aliyopimia mashamba yao, na shamba likipungua kipimo cha kamba hiyo, mwenyewe alilala buloko, yaani gerezani. Hiyo ilikuwa kazi yake Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi alikuwa mjuzi wa vitu vya kale. Alikuwa amesoma makala moja. Makala hiyo ilimfundisha kwamba vitu vya mbele ya duka ni vya kudanganyia wajinga, vya kweli vimefichwa nyuma, na kwamba kigoda cha zamani hujulikana kwa kukikalia.

Tumtendee haki: kuhusu vitu vya mbele hakukosea. Vigoda vya Bulaimu vilichongwa mwezi huo huo, vikapakwa mafuta ya mawese, vikaning'inizwa juu ya moto wa mkewe kwa majuma mawili, vikatoka na umri wa miaka mia. Mke wa mkuu wa wilaya alirudisha kimoja kwa sababu sebule yake ilianza kunukia vitunguu vya kukaanga. Bulaimu alimweleza kwa heshima kuu kwamba watawala wa zamani walikuwa watu wa kula vizuri. Yule mama alikibeba tena, amefurahi kuliko mwanzo. Sista mmoja wa misheni alitaka sanamu ya mwanamke, lakini iliyovaa. Bulaimu aliingia nyuma, akakata kipande cha gunia la unga, akarudi na sanamu imejifunga kanga ya kale sana.

Lakini kigoda cha Heri hakikupita jikoni kwa mtu. Safi alikileta kutoka Wamaza juu ya lori la pamba, amekizungushia mkeka, akamwomba Bulaimu akifiche katikati ya waongo wake. Nani atatafuta kigoda kimoja kati ya vigoda arobaini?

Alikuwa na sababu. Katika ukoo wa Heri, mtu akifa kigoda chake hupinduliwa na hakiguswi kwa miezi minne. Miezi hiyo ikiisha, mrithi hukikalia mbele ya mashahidi wawili watu wazima, wasio wa ukoo. Akiinuka, ameinuka marehemu. Nyumba ya marehemu ni yake, mke ni wake, watoto, mashamba na kesi ni vyake. Hakuna wa pili anayeweza kukaa baada yake, na kilichorithiwa hakimtoki mpaka akiache mwenyewe kwa kinywa chake.

Aliyekuwa akijiandaa kukaa ni Yakubu, mdogo wa Heri, kapita, yaani msimamizi, wa kijiji, mwenye wake watatu tayari na mkono mwepesi juu yao wote. Safi aliwahi kuona jino la mke wa pili likiokotwa uani. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwa mama yake Nyangwe pamoja na mwanawe wa pekee, Pascaline, wa miaka kumi, aliyekuwa akisoma na kulala kwa masista hapo Kasongo. Bila kigoda hakuna mrithi, na bila mrithi Yakubu hana la kumfanya. Ndiyo maana alikiiba.

Miezi minne ilikuwa imetimia jana yake. Na mashahidi walikuwepo. Wa kwanza ni Bulaimu. Wa pili ni François, karani wa baraza, aliyeingia kununua uma za mezani. Kamati ya wazungu ilikuwa ije nyumbani kwake kuona kama anakula kistaarabu, kabla ya kumpa ile kadi ya watu waliostaarabika. François alikuwa na nyumba, kitanda cha chuma na picha ya mfalme. Alikosa uma.

Sasa tuendelee.

"Baba Bulaimu," Safi alisema polepole, "ile kiti niliyokuachia, njo ile iko chini ya Bwana?"

Bulaimu, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kukosa uongo, alitazama sakafu. "Mama Pascaline, niliiweka nyuma kabisa. Ni yeye njo alienda nyuma."

Mlitegemea alie. Hakulia. Mwanamke aliyelala siku mbili juu ya magunia ya pamba ili afiche kigoda hapotezi muda kwa machozi. Safi alimtazama yule mzungu mwekundu aliyekuwa akijipepea kwa kofia juu ya kiti cha mumewe, na kichwa chake kikaenda mbio. Mrithi amepatikana, na si Yakubu. Mrithi huyu ana mke wake, ana gari lake, na mjane wa Wamaza hana kazi naye. Akimwachilia kwa neno moja, kesho yuko njiani kwenda Nyangwe na mwanawe.

Akaingia, akapiga magoti, akapiga makofi mara tatu. "Heri," alimwambia Bwana Kamba, "umerudi."

Bwana Kamba hakuelewa. Kiswahili chake kilikuwa na maneno machache ya kazi, kama leta, beba, sema, pima, funga, nyamaza, kesho asubuhi. Alimgeukia François, na François, ambaye alikipenda Kifaransa chake kuliko uma zake, alimfafanulia desturi yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kuacha kitu.

Mnadhani Bwana Kamba aliruka juu? Wapi. Alicheka, akapanga miguu yake vizuri zaidi, akauliza kama kuna mtu mwenye kamera. Miaka sita alikuwa Kongo na hakuna aliyewahi kumpigia makofi bila kuamriwa. Alianza kumwambia François jinsi atakavyoisimulia habari hii kwao Namur, Ubelgiji, mbele ya shemeji yake anayejidai amefika Misri. Mimi, Goffinet, mkuu wa ukoo. Alimwamuru Bulaimu asifute vumbi kigodani, kwa sababu vumbi lenyewe lina thamani.

Wakati huo ndipo Yakubu alipoingia.

Dereva wa lori alikuwa amemwambia juu ya mwanamke mwenye mkeka. Yakubu alipakia baiskeli yake kwenye lori lililofuata na kuanzia asubuhi alikuwa akizunguka Kasongo duka kwa duka. Alimwona Safi kwanza. Mkono ukapanda. Ulipofika usawa wa sikio macho yake yakamwona aliyekalia kigoda, na mkono ule ule, bila kushuka, ukageuka kuwa saluti.

"Jambo, Bwana," alisema.

"Ndugu yako Heri iko pale," Safi alimwambia. "Musalimie."

Yakubu alisalimia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwaandikia hadithi hii, sikuwa na neno baya la kusema juu yake, maana nilikuwa nacheka. Kapita aliyewapeleka nusu ya kijiji buloko kwa kukosa heshima alipiga magoti mbele ya kaka yake mkubwa mpya, mwenye nywele za rangi ya mahindi, akamwita yaya, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

Kila mtu angefurahi kama François angenyamaza. Lakini mtu anayengojea kadi ya ustaarabu hawezi kuacha jambo likae nusu. Alikohoa, akamkumbusha Bwana Kamba ule waraka wake mwenyewe wa mwaka jana, ambao yeye François ndiye aliyeupiga chapa. Waraka ulisema hivi: mwenye shamba la pamba akifa, mrithi wake anakuwa mwenye shamba siku ile ile, na kama shamba halikufikia kamba, mrithi anakwenda buloko siku saba. Bwana Kamba ndiye aliyeona kwamba watu wanakufa sana wakati wa kupanda, akakata shauri kuziba njia hiyo.

"Shamba ya Heri iko namna gani?" Bulaimu aliuliza. Alikuwa ameanza kufurahi.

"Heri alikufa amelima nusu," Yakubu alisema. "Nusu ingine iko majani paka leo."

François alifungua daftari. Alieleza kwa masikitiko ya kikazi kwamba mkuu wa Bwana anatoka Kindu Jumanne kukagua orodha ya wenye mashamba, na kwamba yeye, karani, aliyeshuhudia kwa macho yake mawili, hawezi kuandika jina la mtu asiye mrithi. Itakuwa ni kuandika uongo katika karatasi za serikali. Angependa kujua tu kama Bwana aandikwe kwa jina la Goffinet au kwa jina la Heri.

Bwana Kamba aliinuka kwenye kigoda upesi kama aliyekalia siafu.

Alisema ni upuuzi. Alisema sheria za weusi ni za weusi. François alikubali, akaongeza kwamba waraka haukusema rangi. Bwana Kamba alifikiri jinsi mkuu wake, mtu anayecheka kwa shida na anayesimulia kwa urahisi, atakavyolisoma jina hilo kwenye orodha. Habari ingefika Kindu, ingeshuka na mto, ingemtangulia Namur. Akauliza kwa Kifaransa mzigo huu unashushwa vipi.

Yakubu alikuwa na jibu, na alilitoa kwa sauti ya huruma, karani akitafsiri. "Bwana, miye niko ndugu ya marehemu. Unipatie vyote kwa neno moja, shamba, nyumba, muke. Miye nitabeba. Bwana atarudi kwake mwepesi."

Hapo Safi aliona mlango wake unafungwa. Alijaribu kuuzuia kwa mguu. Alisema desturi ni mrithi amwachilie kwanza mke, kwa kinywa chake, arudi kwao, kisha ndiyo agawe vingine.

"Nyamaza," alisema Bwana Kamba. Neno hilo alilijua. Kisha akamnyooshea Yakubu kidole: "Wewe. Beba."

"Anasema vyote?" Yakubu alimuuliza karani.

François alichovya kalamu. Bulaimu anasema, na katika hili mimi namwamini, kwamba Safi hakubishana tena. Alijifunga kanga upya kiunoni, akatoka nje.

Nje kulikuwa na gari la Bwana Kamba, na ndani ya gari alikuwa Madamu Goffinet na kikapu chake cha sokoni mapajani. Madamu hakuingia madukani. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyechukia jua, jasho, pamba na Jumamosi. Safi alifungua mlango wa gari, akapiga magoti katika vumbi, akashika kikapu na kukivuta kutoka mapajani mwa Madamu, taratibu, kwa mikono miwili.

Madamu alipiga yowe la mwizi. Soko zima likageuka. François, aliyesikia Kifaransa kikiteseka, alitoka mbio na kalamu yake.

"Anataka nini huyu?" Madamu aliuliza.

Safi alisema maneno yake, na karani akayatafsiri neno kwa neno, kwa Kifaransa cha kupewa zawadi. Mama huyu anamsalimu Madamu. Anaitwa Safi. Kwa kuwa tangu saa nne ya leo yeye ni mke mdogo wa Bwana, mbele ya mashahidi wawili, anachukua kikapu cha mke mkubwa, kama inavyopasa. Anauliza pia kama Madamu anapenda apikiwe ugali saa ngapi, na kitanda chake kiwekwe upande upi.

Madamu hakuzimia na wala hakupiga kelele ya pili. Alivua glovu moja, kidole kwa kidole. Alimtazama Safi kwa muda mrefu, kisha akatazama mlango wa duka, na nadhani akakumbuka Jumamosi nyingine nyingi ambazo mumewe alitumia saa tatu kuchagua kigoda.

"Édouard," aliita.

Bwana Kamba alitokea mlangoni. Sitaandika aliyoambiwa, gazeti hili linasomwa na watoto. Yalikuwa machache, kwa sauti ya chini, na soko lililazimika kusogea ili lisikie. Mwuza mihogo mmoja asiyejua Kifaransa hata neno alisema ameelewa yote.

Alirudi dukani na masikio mekundu, Safi nyuma yake. "Sema," alimwamuru Safi. "Sema mimi nasema nini."

Safi alimfundisha. Na mtu aliyepima mashamba ya Wamaza kwa kamba alisimama katikati ya vigoda vya moshi, akarudia neno baada ya neno kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: "Safi, mimi Heri nakuachilia. Rudi kwenu. Hakuna mutu wa kwangu atakushika."

Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliharakisha.

 Safi alishika ukingo wa meza ya Bulaimu na kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wote na kucheka. Bulaimu naye alicheka. Hata mimi, ambaye najua kinachofuata, nilifurahi kuandika mstari huu.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Bwana Kamba alitaka karatasi, nakala tatu, sasa hivi, kabla Madamu hajapiga honi ya gari. François aliandika. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Safi. Kwa wa pili aliuliza Bwana anaamuaje juu ya mengine. "Mengine yote, kwa yule," Bwana Kamba alijibu, akiwa tayari amekikumbatia kigoda chake. Yakubu, mpole siku hiyo kupita kawaida, alimnong'oneza karani aongeze maneno mawili ya desturi, ili karatasi ikae vizuri. François alipenda karatasi ikae vizuri.

Alimsomea Safi mstari wa kwanza, kwa kuwa ndio uliomhusu. Safi alichovya kidole gumba katika wino na kukibandika mara tatu, kwa nguvu, mpaka Bulaimu akamtania kwamba atatoboa meza. Yakubu alibandika chake. Bwana Kamba aliweka sahihi, akaondoka, gari likaacha vumbi.

Safi aliomba maji ya kunywa. Alikuwa akimwambia Bulaimu kwamba atamchukua Pascaline leo leo, na kwamba lori la Nyangwe likikosekana watatembea.

"Karani," alisema Yakubu. Alikuwa ameshafika mlangoni. "Usome tena ile mustari ya pili. Mama hakuisikia."

François alisoma, kwanza kwa fahari. "Na vyote vingine vya marehemu Heri, watu na vitu, mrithi amemwachia ndugu yake Yakubu."

Kisha aliurudia mstari kimya kimya, na uma zikamponyoka.

"Watu gani?" Safi aliuliza. Kikombe kilikuwa bado mdomoni. "Heri alikuwa na watu gani?"

 Bulaimu alimnyang'anya karani karatasi, akaitazama kana kwamba angeweza kufuta wino kwa macho. Alama ya kidole gumba cha Safi ilikuwa pale chini, nyeusi, nzuri, bila kutikisika.

"Kidole ni yako, Mama Pascaline," Yakubu alisema. "Weye urudi kwenu, miye sikushiki. Mutoto anarudi kwetu. Iko rafiki yangu Kabambare, muke wake alikufa, anatafuta musichana mudogo wa kukulia kwake."

Kikombe kilianguka. Safi alimrukia, lakini Yakubu alikuwa tayari juu ya baiskeli, karatasi moja ya serikali mfukoni, na kutoka dukani kwa Bulaimu mpaka lango la masista njia yote ni mteremko. Safi alivua viatu na kuanza kukimbia.